Pasi Moto na Mstari wa Bwana Kimo

Jina lake kamili, kama alivyopenda litajwe, ni Pasi Moto, binti Mchimba Kisima, mjukuu wa Bibi Sishuki. Na asiyejua maana ya majina hayo asijisifu kwamba anamjua. Bibi Sishuki ndiye yule ambaye mashemeji zake walipokuja kumtoa kwenye nyumba ya marehemu mumewe, alipanda juu ya paa na mtungi wa maji, akakaa huko siku mbili akiwatajia mmoja mmoja mambo waliyoyafanya ujanani, mtaa mzima umetega masikio, mpaka wakaondoka wenyewe. Mchimba Kisima, mwanawe, alimchimbia mtu mwenye uwezo kisima. Siku mwenye kisima alipokizungushia ukuta ili majirani wasichote, mzee alirudi na sepetu lake akakifukia chote, akajipangusa mikono, akaenda zake. Na Pasi Moto mwenyewe, wiki yake ya kwanza kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, alimrudishia mganga mkuu mashati yake ya nyumbani yakiwa yamekunjamana kama yalivyoletwa. "Pasi hii ni ya wagonjwa," alimwambia. "Ukiugua, lete."

Hapo ndipo alipopata jina, na ni jina la haki. Ukimgusa vibaya, unaungua.

Mimi ni wifi yake, niliolewa na kaka yake. Nimesoma mpaka darasa la saba, lakini lile darasa la saba la zamani, la kuandika barua bila kuinua kalamu. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Linashikwa pembe kwa pembe, mnavutana, mnasogeleana, mnakutana katikati. Kwa miaka ishirini na sita aliyemshikia upande wa pili ni mimi. Kwa hiyo ninayoyaeleza sikuyasikia kwa mtu.

Watu walisema ana hasira za kuzaliwa nazo. Uongo. Hasira zile zilitengenezwa, na waliozitengeneza ninaweza kuwataja.

Akiwa na miaka tisa, mama yake aliota uvimbe kwenye titi. Watu wazima wakanong'ona, wakafunga milango, kisha asubuhi moja mama hakuwepo. "Ameenda kuwasalimia jamaa," shangazi yake alimwambia. "Atarudi." Kumbe mama alikuwa amelazwa, na mwezi wa pili akafa, akazikwa kwao. Mtoto akaachwa na ile salamu. Kila Jumamosi alilichukua gauni la mama lililobaki msumarini, akalifua, akalianika, akalikunja, ili mama akifika alikute liko tayari. Shangazi alimwona. Mjomba alimwona. Bibi Sishuki alikuwa amekwisha kufa, vinginevyo angepanda paa la pili. Wote walimtazama mtoto akifua gauni la marehemu miezi minne, hakuna aliyefungua kinywa. Aliyemwambia ni mtoto mwenzake, kwenye bomba la maji la shule, walipogombana foleni: "Mama yako alishakufa, wewe! Sisi tulienda kwenye msiba, tulikula!"

"Wifi," aliniambia siku aliponisimulia, shuka likiwa limenyooka kati yetu, "hata wali walikula. Mimi nilikuwa nafua."

Sasa mjue pale tulipofanyia kazi. Wodi ya saratani ilikuwa ghorofa ya pili, na ngazi zake zilianzia karibu na mlango wetu. Chini ya ngazi alikaa mlinzi. Sheria ilisema mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili haruhusiwi kupanda. Watoto hawatembei na vyeti vya kuzaliwa, basi mlinzi alichukua brashi akachora mstari wa rangi nyekundu kwenye nguzo ya mlango. Ukiufikia mstari, panda. Usipoufikia, kaa chini usubiri wakubwa wako. Tulimwita Bwana Kimo. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu wa kufuata mstari, na nyakati nyingine sijui lipi ni baya zaidi.

Waliokosa kimo walikaa kwenye benchi la saruji lililoegemea ukuta wetu, kwa kuwa ukuta ule ulikuwa na joto la matangi ya kuchemshia nguo. Benchi hilo lilikuwa halikosi watoto. Wakubwa walipanda na vyakula na chupa za chai, watoto wakabaki na mabegi. Ukiwauliza, mmoja alisema mama ana malaria, mwingine baba kaanguka ngazi, mwingine babu kaja kupumzika. Kwenye wodi nzima ya saratani, ukisikiliza benchi, hapakuwa na mgonjwa hata mmoja wa saratani.

Pasi Moto alipita pale na kikapu chake akisonya.

Miaka kumi na moja iliyopita alikuja msichana mmoja pamoja na baba yake mdogo na mke wa baba mdogo. Alikuwa na miaka kumi na minne, ila mfupi. Ufupi wa kuzaliwa nao, hata mama yake alikuwa hivyo. Alisimama kwenye nguzo, mstari ukawa vidole vinne juu ya kichwa chake.

"Nina miaka kumi na minne," alisema.

"Nguzo haisemi hivyo," Bwana Kimo alimjibu.

Aligeuka kumtazama baba yake mdogo. Neno moja tu kutoka kwa mkubwa wake lingetosha. Baba mdogo akatazama saa yake. "Kaa hapo, mama. Tunarudi sasa hivi."

Na ile sasa hivi ikawa wiki sita, kila Jumanne na kila Ijumaa.

Siku ya tatu aliingia kwetu bila kuitwa, akashika foronya, akaanza kukunja. Alikunja vizuri, ncha kwa ncha. Pasi Moto hakumfukuza, alimsogezea rundo lingine. Baada ya hapo alikuwa wetu. Tulimwita Kidato, maana alizungumza kama mwalimu anayesahihisha daftari.

"Bibi," alimwambia Pasi Moto siku moja, macho kwenye foronya, "vidonda vya tumbo vinanyonyoa nywele?"

Nilihisi shuka likilegea upande wa pili.

"Kwa nini unauliza?"

"Mama ana vidonda vya tumbo. Ndivyo wanavyosema. Lakini mama mdogo alileta kilemba cha mama nikifue, ndani kilikuwa na nywele. Si moja. Fungu. Nimetafuta kwenye kitabu cha sayansi, vidonda vya tumbo havina habari na nywele."

Pasi Moto alinitazama. Nikatikisa kichwa kukataa. Ndiyo, mimi. Naandika ili lijulikane. Nilitikisa kichwa, na msichana alipotoka nikamwambia, "Wifi, si damu yetu. Yasitupate."

"Hivyo ndivyo alivyofanya shangazi yangu kuhusu gauni," alinijibu.

Ijumaa iliyofuata alimvizia baba mdogo kwenye ngazi. Nilisimama mlangoni nikiwa na nguo za madaktari mkononi.

"Bwana, mtoto wenu anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua mnamdanganya. Hajui tu mnamficha kitu gani. Mwambieni."

Baba mdogo alikuwa mtu wa shati safi na sauti ya chini. "Mama, tunashukuru kwa kumkalisha mtoto. Ila ana mitihani. Tumekubaliana familia nzima. Akimaliza, ataambiwa taratibu."

"Na mama yake naye ataisubiri hiyo mitihani?"

"Mama, wewe ni mtu wa mashuka."

"Naam. Ndiyo maana najua nani anaisha."

Na hapo alisema kweli, kweli ambayo ndiyo iliyokuja kumponza. Kwetu kulikuwa na utaratibu. Mashuka ya kawaida yalishuka kwenye kikapu yakiwa wazi. Kitanda kilipobaki kitupu, mhudumu wa wodi aliyaviringisha mashuka yake ndani ya shuka moja, akafunga mafundo mawili, akabandika namba ya kitanda, maana yalichemshwa peke yake. Kwenye wodi zingine fundo lilimaanisha mtu karuhusiwa kwenda nyumbani. Kwenye wodi ile, mara tisa katika kumi, lilimaanisha jambo moja tu. Tulijua kabla ya ndugu. Pasi Moto aliringa nalo: "Daktari atakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Fundo halina adabu hiyo."

Mama wa Kidato alilala kitanda namba tisa.

Jumanne moja, asubuhi bado mapema, kikapu kilishuka. Juu kabisa palikuwa na furushi lenye mafundo mawili, na namba tisa.

Kidato alikuwa amekwisha kufika. Shule zilikuwa zimefungwa, na baba mdogo alikuwa amemwacha hapo, yeye akaenda kununua vitu dukani. Msichana alikuwa mezani na foronya zake. Nilitaka kulificha furushi chini ya meza. Pasi Moto akanishika mkono.

"Mara hii hapana," alisema. "Hatafua gauni."

Alimpangusia msichana kiti, akamketisha, akamshika mikono yote miwili. Sijamsikia akisema kwa upole ule, kabla wala baada.

"Mwanangu, mama yako hakuwa na vidonda vya tumbo. Alikuwa na kansa. Walikuficha, na mimi nilijua nikakaa kimya, na hilo ni kosa langu. Leo asubuhi mama yako amefariki."

Kidato hakulia. Alichukua foronya, akakunja. Akachukua nyingine, akakunja. Kisha akasema, "Nataka kumwona."

"Utamwona."

Wakatoka. Mimi nyuma yao, mikono ina sabuni. Bwana Kimo alinyoosha mkono wake nguzoni, kwa mazoea tu.

"Mstari, mama. Unajua sheria."

"Ondoa mkono."

"Nitaulizwa mimi!"

"Utaulizwa, ndiyo! Na utajibu nini? Kwamba ulimpima mtoto kama mbao, mama yake akafa ghorofa ya pili yeye akiwa chini anakunja foronya? Mfupi wewe! Mfupi wa akili mpaka nguzo inakucheka! Ondoa mkono kabla sijakuonyesha kwa nini naitwa jina hili!"

Watu kwenye foleni ya dawa waligeuka. Mkono ukashuka.

Kitanda namba tisa kilikuwa kitupu, godoro limeinuliwa linapigwa upepo. Msichana akasimama mbele yake. Muuguzi akatoka chumba cha dawa na sinia, akashangaa kuona madobi wodini.

"Mnamtafuta nani?"

"Wa tisa," Pasi Moto alisema. "Mmempeleka wapi? Binti yake amekuja kumuaga."

"Wa tisa? Tumemhamishia chumba cha pembeni jana jioni, apate utulivu. Yuko macho. Amekunywa uji sasa hivi."

Nimeishi miaka mingi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukidondoka kama wa wifi yangu asubuhi ile. Kidato alimgeukia. Alimtazama muda mrefu, halafu akampita kama anavyopita mtu kando ya nguzo, akaingia chumba cha pembeni.

Tulibaki mlangoni. Mama alikuwa mdogo kama binti yake sasa, amefungwa kilemba kijani. Alipomwona, alijaribu kuketi akashindwa.

"Umekuja," alisema. "Walisema hutaki. Walisema unaogopa kuniona nilivyo, nisikulazimishe."

"Nani alisema? Nilikuwa hapo chini! Kila Jumanne, kila Ijumaa! Nilikuwa hapo chini, mama, wiki sita! Wanasema mimi mfupi!"

"Mfupi?"

"Kuna mstari!"

Mama alicheka. Wallahi alicheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. "Basi na mimi nisingepita," alisema. Kisha wakashikana, na sauti iliyotoka kwa yule mtoto sitaiandika.

Ndipo baba mdogo akafika na chupa ya chai. Alituona sisi, akamwona mtoto juu ya kitanda, akaanza ile sauti yake ya chini, "Nani amemruhusu..."

"Shemeji," mama alisema kutoka kitandani, bila nguvu lakini kila mtu alisikia. "Uliniambia mwanangu ananiogopa."

"Shemeji, tulikuwa tunakulinda. Wote wawili. Na mitihani..."

"Nimelala hapa wiki sita nikidhani mwanangu ananiona kinyaa. Hivyo ndivyo ulivyonilinda? Toka. Acha chai, toka." Akamgeukia binti yake. "Nina kansa, mwanangu. Ya tumbo, imeenda kwenye ini. Sitapona. Niulize chochote unachotaka, mimi ndiye ninayejua."

Tukashuka. Pasi Moto hakupiga pasi siku ile. Alikaa juu ya rundo la mashuka machafu akilipiga furushi la namba tisa kwa ngumi. "Sikupanda ngazi," alisema. "Ngazi ishirini na mbili, wifi. Nina miguu miwili na sikupanda kuuliza. Nilitaka sana kuwa yule anayesema ukweli, nikasema kabla sijaujua."

Nilimwambia alikuwa na nia njema. Akanitazama kwa jicho baya. "Shangazi yangu naye alikuwa nayo."

Jioni Kidato alishuka. Pasi Moto alisimama, akaanza kuomba radhi, mama mzima wa miaka hamsini na mbili anaomba radhi kwa mtoto wa kumi na minne, na mimi nilitarajia mtoto aseme haidhuru, kama tulivyofundishwa wote. Hakusema.

"Wale walinidanganya yuko salama," alisema. "Wewe ulimuua. Kutoka hapa mpaka juu, mama yangu alikuwa amekufa. Nilipanda ngazi zote hizo bila mama." Akachukua begi lake akaondoka.

Hakuingia kwetu tena. Alipita kila siku, sasa si Jumanne na Ijumaa tu, akielekea juu, na Bwana Kimo akijifanya kutazama upande mwingine. Mke wa baba mdogo, ambaye siku zote hizo alikuwa hajasema neno, ndiye aliyemleta, na alipopita mlangoni kwetu aliinamisha kichwa. Siku kumi na saba Pasi Moto alimtazama mtoto akipita bila kusalimiwa, na hakulalamika hata mara moja, yeye ambaye alilalamikia mpaka mvua.

Siku ya kumi na nane kikapu hakikushuka. Aliyeshuka ni Kidato, amebeba furushi kifuani kwa mikono miwili, mafundo mawili.

"Leo ni kweli," alisema. "Nilikuwepo. Nilimshika mkono, akaniambia nisiache kusoma, halafu akalala, halafu basi." Akaliweka mezani. "Nimefunga mwenyewe."

Pasi Moto alilipokea. Wakalichemsha pamoja, wakalianika pamoja. Waliposhika shuka pembe kwa pembe ili walikunje, nilisogea kando, mara ya kwanza tangu tuanze kukunja pamoja. Walivutana, wakasogeleana, wakakutana katikati, na msichana hakuziachia zile pembe haraka.

Tangu hapo benchi lile likawa la Pasi Moto. Alikwenda kwa muuguzi mkuu mara nne kuhusu mstari, mara nne akaambiwa sheria ni sheria. Akaacha kwenda. Badala yake akawapandisha watoto kwa ngazi za nyuma, kila mmoja ameshika taulo moja safi, na yeyote aliyeuliza aliambiwa, "Hawa ni wa mashuka." Lakini kwanza aliwakamata wazazi. Hakuna mtu mzima aliyepita mlango wetu bila kuulizwa, "Umemwambia nini mtoto?" Walimtukana, walimshtaki, baba mmoja alimmwagia chai. Na mtoto alipomuuliza jambo asilolijua, alisema, "Sijui. Ngoja," akapanda ngazi ishirini na mbili, akamuuliza muuguzi, akashuka akihema, akajibu. Magoti yake yaliisha hapo. Msiniambie ni uzee.

Mwezi uliopita magoti yalimkatalia kabisa, akaaga kazi. Tulikuwa tunafunga begi lake, mimi nikimtania kwamba sasa atamkunja mume wake, Bwana Kimo aliposimama mlangoni ameshika kofia. Amezeeka naye.

"Mama," alisema, "binti yangu amelazwa. Juu. Wiki ya pili sasa."

Pasi Moto akaweka begi chini. "Na wajukuu?"

"Wako nyumbani. Wawili. Hawafiki mstarini. Tumewaambia mama yao yuko masomoni. Sasa mdogo anamwandikia barua. Kila siku barua. Naziweka kwenye droo. Nimekuja kukuomba, wewe unajua namna ya kusema nao. Njoo uwaambie."

Nilidhani atamchoma. Alikuwa na haki yake, na alikuwa na maneno ya miaka kumi na moja. Niliyaona yakimpanda shingoni. Alisimama akishika ukingo wa meza, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa mlango wa ngazi za nyuma.

"Siji," alisema. "Utawaambia wewe. Leo, kabla hawajaandika ya kesho. Kwanza panda juu, muulize daktari, muulize binti yako, usikie kwa masikio yako ilivyo. Usiseme kwa kukisia. Mimi nilikisia mara moja, na kuna mtu mpaka leo ananidai ngazi ishirini na mbili. Halafu kaa chini, kimo chao, useme ugonjwa kwa jina lake. Wakiuliza usichokijua, sema hujui, panda tena. Kisha walete. Na hizo barua zipeleke kwa mwenyewe."

"Na mstari?"

"Rangi ulipaka wewe." Akamwekea ufunguo kiganjani, akavifunga vidole vyake kwa mkono wake mwenyewe, kwa nguvu, mpaka Bwana Kimo akakunja uso. "Na ukishamaliza na wa kwako, benchini wapo watatu. Wa katikati anasema baba yake ana mafua. Anza na huyo."